Tolstoy au Dostoevsky: Uanze na Nani?

Mwanzoni mwa mwaka 1866, mtu wa Moscow aliyekuwa akinunua jarida la Russkiy Vestnik alikuwa na bahati ambayo pengine hakuijua. Katika jarida hilohilo zilikuwa zikitoka, fungu kwa fungu, hadithi mbili. Moja ilimhusu kijana fukara aliyeacha masomo, akamuua kwa shoka bibi kizee anayekopesha kwa rehani. Nyingine ilizihusu familia za wakubwa wa Urusi katika vita na Napoleon. Ya kwanza ni Uhalifu na Adhabu ya Fyodor Dostoevsky. Ya pili wakati huo iliitwa tu Mwaka 1805. Baadaye ndiyo ikawa Vita na Amani ya Lev Tolstoy. Msomaji yule alilipa mara moja akawapata wote wawili.

Sisi inabidi tuchague. Vitabu vyenyewe ni vinene, siku nazo fupi, na ukianza na kisichokufaa utakirudisha kabatini usikiguse tena. Mimi yalinikuta. Nilianza na Vita na Amani kwa sababu kila mtu alisema hiyo ndiyo kubwa kuliko zote. Nikafika ukurasa wa mia na ushei, sijui tena nani mtoto wa nani, nikaifunga. Ilipita miaka minne kabla sijamrudia Tolstoy, na nilimrudia kwa mlango mwingine kabisa, kupitia kitabu kidogo nilichokibeba siku nilipokwenda kumwuguza mjomba. Nitakifikia.

Watu hupenda kuwalinganisha hawa wawili kwa mambo makubwa: Mungu, Urusi, roho ya mwanadamu. Sikatai. Ila kwa anayetaka kujua ashike kitabu gani kwanza, naona kuna jambo la chini zaidi linalosaidia. Tolstoy aliandika akiwa na muda. Dostoevsky aliandika huku wadai wakigonga mlango. Ukilijua hilo, nusu ya tofauti zao inajieleza yenyewe.

Mwenye shamba

Tolstoy alizaliwa mwaka 1828 Yasnaya Polyana, shamba la ukoo wa mama yake karibu na mji wa Tula, kama kilomita 200 kusini mwa Moscow. Alikuwa kabaila kwa kuzaliwa, na shamba lilikuja na mamia ya wakulima waliomilikiwa pamoja na ardhi, maana mfumo huo Urusi iliufuta mwaka 1861. Mama yake alifariki yeye hajatimiza miaka miwili, baba yake akafuata yeye akiwa na miaka minane. Akaingia Chuo Kikuu cha Kazan, akatoka bila shahada. Akaenda Kaukazi, akawa mwanajeshi, kisha akapigana Sevastopol katika vita vya Krimu.

Asidhani mtu kwamba alikuwa mtulivu. Karata zilimtia hasara mpaka nyumba kubwa aliyozaliwa ikauzwa, ikafumuliwa na kuhamishwa, yeye akabaki kuishi katika jengo la pembeni. Lakini ardhi ilibaki. Hapo ndipo penye siri: hata alipoharibu, alikuwa na pa kurudi.

Mwaka 1862 alimwoa Sofia Behrs, yeye ana miaka 34, bibi arusi 18. Walipata watoto 13, wanane wakafika utu uzima. Usiku, watoto wakishalala, Sofia alinakili upya maandishi ya mumewe, mwandiko ambao wengine walishindwa kuusoma. Asubuhi Tolstoy aliyachukua yale yaliyonakiliwa vizuri, akayachafua tena kwa wino: anakata, anaongeza, anaandika pembeni na juu ya mistari. Vita na Amani ilichukua karibu miaka sita kwa mtindo huo. Mtu anayedaiwa kodi ya chumba hawezi kuandika hivyo.

Mwenye madeni

Dostoevsky alizaliwa Moscow mwaka 1821, katika makazi ya hospitali ya maskini ambako baba yake alikuwa daktari. Alisomea uhandisi wa jeshi, akauacha kwa ajili ya kuandika, na mwaka 1846 riwaya yake ya kwanza, Watu Maskini, ikampa jina akiwa bado kijana. Miaka mitatu baadaye alikamatwa kwa kukaa katika kikundi kilichosoma na kujadili maandishi yaliyokatazwa.

Asubuhi ya tarehe 22 Desemba 1849, kwa kalenda ya zamani ya Warusi, yeye na wenzake walipelekwa uwanja wa Semyonovsky, St Petersburg. Wakasomewa hukumu ya kifo, wakavishwa mavazi meupe mfano wa sanda. Watatu wa kwanza wakafungwa kwenye nguzo. Dostoevsky alikuwa katika kundi linalofuata. Bunduki zikainuliwa. Kisha ngoma ikapigwa, ikasomwa amri ya mfalme kwamba wamepunguziwa adhabu. Yote yalikuwa yamepangwa tangu mwanzo ili kuwatia adabu. Mmoja wa wale watatu akarukwa na akili. Dostoevsky akapelekwa Omsk, Siberia, miaka minne ya kazi ngumu akiwa na pingu miguuni, kisha miaka mingine ya kuwa askari wa kawaida. Alikuwa na kifafa kilichomsumbua hadi mwisho.

Ukija kusoma riwaya yake inayoitwa Idiot (ukipenda ite Punguani), utamkuta Mwanamfalme Myshkin akisimulia habari za mtu aliyebakiwa na dakika tano za kuishi, jinsi anavyozigawa: mbili za kuagana na wenzake, mbili za kujitafakari, inayobaki ya kutazama dunia kwa mara ya mwisho. Sasa unajua aliyatoa wapi.

Mwaka 1864 alifiwa na mke wake wa kwanza na kaka yake Mikhail ndani ya miezi michache, akayabeba madeni ya kaka. Kwa kubanwa akasaini mkataba mbaya na mchapishaji mmoja aitwaye Stellovsky: asipoleta riwaya mpya kufikia tarehe 1 Novemba 1866, mchapishaji angekuwa na haki ya kuchapa kazi zake kwa miaka tisa bila kumlipa. Oktoba ilipoanza, hakuwa na hata ukurasa mmoja wa riwaya hiyo, kwa kuwa mwaka wote alikuwa katika Uhalifu na Adhabu. Marafiki wakamshauri atafute mwandishi wa hatimkato. Akaja Anna Snitkina, msichana wa miaka 20. Dostoevsky akawa anatembea chumbani huku akitamka, Anna anaandika, usiku anakwenda kunakili kwao. Kwa siku 26 wakaikamilisha Mcheza Kamari. Siku ya kukabidhi, mchapishaji hakuonekana, kumbe ndivyo alivyotaka. Mwandishi akaupeleka mswada kituo cha polisi, akapewa risiti. Februari iliyofuata akamwoa Anna, na ni Anna aliyekuja kuyanyoosha mahesabu ya nyumba ile.

Na yeye pia alicheza kamari, gurudumu la ruleti katika miji ya Ujerumani, mpaka nguo za mkewe zikaingia rehani. Tolstoy alipoteza nyumba akabaki na shamba. Huyu akipoteza, kesho hawali.

Tazama pia walivyoishi na mhariri wao, maana alikuwa mmoja, Mikhail Katkov. Mwaka 1877 Katkov alikataa kuchapa sehemu ya mwisho ya Anna Karenina kwa sababu hakupenda jinsi Tolstoy alivyowazungumzia Warusi waliojitolea kwenda kupigana Serbia. Tolstoy akaichukua, akaichapa kwa fedha zake. Miaka michache kabla, Katkov huyohuyo alikataa sura nzima ya riwaya ya Mashetani, sura ambayo mhusika anakwenda kuungama kwa mtawa Tikhon. Dostoevsky alijaribu kuirekebisha, haikukubaliwa, riwaya ikatoka bila hiyo sura. Ilikuja kuchapishwa mwaka 1922, mwandishi akiwa kaburini miaka 41.

Ukurasani

Haya, sasa kitabu kiko mkononi. Utaona nini?

Kwa Tolstoy utaona vitu vidogo vikisema mambo makubwa bila kelele. Anna Karenina anarudi St Petersburg kwa treni kutoka Moscow, ambako amekutana na Vronsky. Anashuka, na sura ya kwanza kuivutia macho ni ya mumewe, na katika sura ile anachokiona ni masikio. Anashangaa masikio yale yamekuwaje, yamechomoza hadi yanagusa ukingo wa kofia. Masikio ni yaleyale ya siku zote. Tolstoy hasemi kwamba ndoa imekufa. Amekuonyesha masikio, basi.

Au kijana Nikolai Rostov wa Vita na Amani, katika vita vyake vya kwanza. Ameanguka na farasi, anaona watu wanakimbia kumwelekea, na wazo linalomjia ni kwamba haiwezekani wanakuja kumuua yeye, yeye ambaye watu wote wanampenda. Ana bastola mkononi. Badala ya kufyatua, anamrushia Mfaransa kama mtoto anavyorusha jiwe, anageuka na kutimua mbio vichakani. Aliyeandika hivyo alishakaa chini ya mizinga.

Kwa Dostoevsky hutapewa nafasi ya kutazama. Utatiwa ndani ya kichwa cha mtu na mlango utafungwa. Raskolnikov, yule kijana wa shoka katika Uhalifu na Adhabu, amekwisha kuhesabu: kutoka langoni kwake hadi nyumba ya bibi wa rehani ni hatua 730 kamili. Ameshona kitanzi cha kitambaa ndani ya koti, chini ya kwapa la kushoto, ili shoka lining'inie bila kuonekana. Unasoma hayo na mikono yako inatoka jasho, kwa sababu umeanza kuogopa asije akakamatwa. Yaani umeshakuwa upande wa muuaji kabla hujajiuliza. Kisha zitafuata kurasa mia nne za homa, mashaka, na mpelelezi Porfiry ambaye hana haraka, anacheka, anaaga, halafu anarudi na swali moja dogo.

Wahusika wake wanasema sana, tena wote kwa pamoja. Mhakiki Mikhail Bakhtin, katika kitabu cha mwaka 1929, alieleza kwamba kila mmoja wao ana sauti yake kamili na mwandishi hamnyamazishi hata asipokubaliana naye. Kwa lugha yangu mimi: Tolstoy ni mzee anayesimulia na nyote mmekaa kimya, Dostoevsky amewaweka mlevi, mtawa, mwanafunzi asiye na dini na mjane mwenye madeni katika chumba kimoja, akatoka nje. Aliyesoma Kichwamaji ya Kezilahabi, akamwona Kazimoto akijitafuna kwa maswali yasiyo na jibu, atamtambua ndugu yake hapa.

Kasoro? Zipo, na usidanganywe na mtu. Tolstoy akishaamua kukufundisha hana breki. Kadiri alivyozeeka ndivyo alivyohubiri, na katika Sonata ya Kreutzer anasema mambo kuhusu ndoa na wanawake ambayo Sofia, aliyemzalia watoto wote wale, aliyasoma kwa uchungu. Dostoevsky naye anarudiarudia, watu wake wanazimia mno, na mtu akitakiwa kwenye hadithi hutokea mlangoni dakika ileile. Zaidi ya hayo, aliandika maneno mabaya juu ya Wayahudi na Wapolandi, na maneno hayo hayapungui ubaya kwa sababu aliyeyaandika alikuwa na kipaji.

Walichoacha nyuma

Hapa njia zao zinaachana kabisa. Athari ya Tolstoy ilitoka vitabuni ikaenda kwa watu. Alipofika miaka hamsini, tajiri, maarufu, alijikuta hajui anaishi kwa nini. Akaikana sehemu kubwa ya alichokiandika, akavaa kama mkulima, akafundisha kwamba uovu usijibiwe kwa nguvu. Mwaka 1899 malipo ya riwaya ya Ufufuo yaliwasaidia Wadukhobor, Wakristo waliokataa jeshi, kuhamia Canada. Mwaka 1901 Sinodi Takatifu ya Kanisa la Orthodoksi la Urusi ilitangaza kwamba si muumini wake tena. Kijana mwanasheria wa Kihindi aliyekuwa Afrika Kusini, Mohandas Gandhi, alisoma kitabu cha Tolstoy, Ufalme wa Mungu Umo Ndani Yenu, akaandikiana barua na mzee huyo, na mwaka 1910 jamii ya wapinzani wasiotumia nguvu aliyoianzisha pamoja na rafiki yake Hermann Kallenbach karibu na Johannesburg ikaitwa Shamba la Tolstoy. Wazo lililoanzia Tula likapitia barani kwetu kabla ya kufika India.

Athari ya Dostoevsky ilikwenda kwa wanaochunguza nafsi. Mwanafalsafa Mjerumani Nietzsche alisema huyo ndiye mwanasaikolojia pekee aliyekuwa na la kumfundisha. Freud, mwanzilishi wa uchambuzi wa nafsi, aliandika makala ndefu juu yake mwaka 1928. Mwandishi Mfaransa Albert Camus aliigeuza Mashetani kuwa tamthilia na kuipandisha jukwaani Paris mwaka 1959.

Hawakuwahi kukutana. Mwaka 1878 wote walihudhuria mhadhara mmoja St Petersburg, na rafiki wao wa pamoja, Strakhov, aliyekuja na Tolstoy, hakuwatambulisha. Dostoevsky alipofariki mwaka 1881, akiwa na miaka 59, Tolstoy aliandika kwamba alihisi kama nguzo aliyoiegemea imeondoka. Na usiku ule wa mwaka 1910 alipotoroka nyumbani akiwa na miaka 82, alikuwa amekiacha Ndugu Karamazov mezani. Akiwa njiani alimwandikia binti yake Alexandra amletee vitabu kadhaa, kimojawapo juzuu la pili la Dostoevsky. Alifariki tarehe 20 Novemba katika nyumba ya mkuu wa stesheni ya Astapovo.

Basi uanze na nani?

Kwanza suala la majina, maana ndilo lililoniangusha mimi. Kila Mrusi ana jina lake, jina la baba, na la ukoo. Lev Nikolayevich ni Lev bin Nikolai. Anna Arkadyevna ni Anna binti Arkady. Ukiitwa jina lako na la baba, umeheshimiwa. Ukiitwa Rodya badala ya Rodion, anayekuita ni mama au rafiki. Andika majina kumi ya kwanza kwenye karatasi uiweke ndani ya kitabu. Baada ya kurasa hamsini hutaihitaji.

Kwa Kiswahili kazi hizi ni adimu, kwa hiyo wengi wetu tutazisoma kwa Kiingereza. Tafsiri za zamani za Constance Garnett, na za Louise na Aylmer Maude kwa Tolstoy, zinapatikana bure mtandaoni kihalali kwa kuwa haki zake zimekwisha. Za Pevear na Volokhonsky ni mpya zaidi, utazinunua. Mimi Tolstoy namsoma kwa Maude na sijajuta.

Kama una siku mbili tu, chukua Kifo cha Ivan Ilyich, kilichotoka mwaka 1886. Hakifiki kurasa mia. Hiki ndicho kile kitabu kidogo nilichokibeba nikienda kwa mjomba. Hakimu aliyefanikiwa anapanda ngazi kumwonyesha fundi jinsi pazia linavyotakiwa kukaa, anateleza, anajigonga ubavuni. Hakuna anayejali, hata yeye. Kisha maumivu hayaondoki, na nyumba nzima inaanza kumdanganya kwamba atapona. Asiyemdanganya ni Gerasim, kijana wa kazi kutoka shamba, anayekaa usiku kucha amembebea miguu mabegani kwa sababu hivyo bwana hupata nafuu. Nilisoma ukurasa huo nimekaa kwenye benchi la wodi, na ndugu wamesimama kitandani wanamwambia mjomba wiki ijayo atarudi nyumbani. Sikuweza kuinua macho.

Kama wewe ni kijana, au una hasira na dunia, au ni mtu wa hadithi za upelelezi, usipoteze muda: Uhalifu na Adhabu. Mauaji yanatokea mapema, na ukishafika hapo kitabu kitakusoma chenyewe. Mtu anayesoma kwenye simu ndani ya basi namshauri Anna Karenina, kwa sababu sura zake ni fupi na unaweza kukatisha popote ukarudi bila kupotea.

Usianze na Ndugu Karamazov hata ukiambiwa ndicho kilele chake, kwa kuwa kinamtaka msomaji aliyekwisha kumzoea. Mauaji yenyewe yanakuja kitabu kikiwa kimefika mbali. Na usianze na Maandishi ya Chini ya Sakafu kwa sababu tu ni kifupi. Nusu yake ya kwanza ni mtu mwenye kinyongo anabishana na ukuta, na nimewaona watu watatu wakimwacha Dostoevsky hapo. Kifupi kizuri cha kumwonjea ni Usiku Mweupe cha mwaka 1848, kijana mpweke na msichana aitwaye Nastenka, kabla Siberia haijamgusa mwandishi.

Vita na Amani iache hadi uwe na likizo. Itaanza kwa karamu ambayo wageni wanachanganya Kifaransa na mlolongo mzima wa majina. Vumilia, kufika kwenye mapigano ya Austerlitz utakuwa umeshaingia. Mwishoni kabisa kuna hitimisho la sehemu mbili, na hiyo ya pili haina hadithi hata chembe, ni nadharia yake ya historia. Ukiiruka, sitamwambia mtu.